Siku Filimbi Ilipokuwa kwa Debra

Debra, mke wa Mungai, alifanya kosa akamtwika Ndunge. Kwa kosa hilo hilo Ndunge akaondolewa katika klabu ya watoto aliyoianzisha mwenyewe, na watoto wakaambiwa kwamba amewachoka. Hayo ndiyo aliyotendewa. Watu wa mtaa wa Satellite wanayajua nusunusu, na nusu wanayoijua ndiyo ya uongo.

Ndunge ni mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyefua nguo za wengine tangu ujana wake. Mama yake alifua katika nyumba za Muthangari, naye akairithi kazi hiyo kama wengine wanavyorithi shamba. Shule hakuiona ndani. Alipofika umri wa kuingia darasani alikuwa tayari na mtoto wa mama yake mgongoni. Lakini hata akiwa na mtoto mgongoni alicheza kati. Wawili husimama huku na huku na mpira wa mifuko ya nailoni uliokazwa kwa kamba, wa tatu yuko katikati anakwepa, akiguswa na mpira ametoka. Ndunge hakuguswa ovyo.

"Ongeza mtoto mwingine kwa mgongo," wasichana wa Riruta walimpigia kelele, "labda utakuwa mzito!"

"Leteni!" naye aliwajibu. "Na mama yenu pia nitambeba."

Mwanawe wa pekee, Muasya, alichukua damu hiyo. Alipenda mpira, na kuliko mpira alipenda watu. Alipokuwa mdogo alijiunga na timu ya mtaa, na mwalimu wa timu akamweka kando Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa kuwa eti anaongea kama redio isiyo na swichi. Mtoto alikaa kando hadi akaona hakuna haja ya kutoka nyumbani. Akaanza kwenda kwa watu wengine wanaopenda kuongea, wale wa kona, na Ndunge alihangaika naye miaka mingi kabla hajamtoa huko. Leo Muasya ni mtu mzima, anafanya kazi Mombasa na hana shida na mtu. Lakini mama yake hakusahau. Mtoto anayependa watu ukimnyamazisha umemfukuza, hata kama hukumwonyesha mlango.

Kwa hiyo alipowaona wasichana wa Satellite wameketi ukutani karibu na uwanja mtupu wa kanisa, wanane kwa simu moja, hakuwauliza kwa nini hawachezi. Alitoa mifuko ya sabuni kwenye kikapu chake, akaifinyanga mpira, akamrushia aliyekuwa na mdomo mkubwa kuliko wote.

"Aa, wewe Mama! Umenipiga ya nini?"

"Nimekutoa. Ingia mwingine."

Ndivyo klabu ilivyoanza. Walicheza kati kwanza, na baadaye, kanisa liliporuhusu milingoti isimamishwe, wakacheza netiboli. Waliipa jina Jirani. Ndunge hakuwa mwalimu wa netiboli, na hakujidai. Alichojua ni kuwashika watoto wasitawanyike, na njia zake zilikuwa za kawaida kabisa. Waliruhusiwa kuongea wakicheza, ilimradi mpira haukusimama. Hakuna aliyekuja peke yake. Aliyekaa mbali zaidi na uwanja alianza kutoka, akampitia wa pili, wawili wakampitia wa tatu, hadi wakafika uwanjani msururu mzima, wakipiga kelele kama kuku wa sokoni. Mtoto akitaka kulala Jumamosi, angelalaje na wenzake wamejaa mlangoni wakiita jina lake?

Baada ya mchezo kulikuwa na uji, na uji ulikuwa na sheria yake. Hakuna anayekunywa kabla vikombe vyote havijajaa. Wananyanyua pamoja. Ndunge aliiweka sheria hiyo kwa sababu wenye nguvu walikuwa wakimaliza sufuria, wale wapole wakaambulia makoko.

Sheria nyingine ilikuwa ya filimbi. Mtu mzima mwenye filimbi shingoni ndiye mwenye watoto. Aliyeumia anaenda kwake, mwenye kiu anamwambia yeye, na akitaka kuondoka anaivua mbele ya watoto na kumvisha mwenzake.

Filimbi yenyewe ililetwa na Debra. Tuseme haki yake: Debra alisaidia sana. Ni karani katika ofisi moja mjini, mumewe ana nyumba za kupangisha hapo hapo Satellite, na binti yao Kui alikuwa mchezaji mwepesi na msemaji kuliko wote. Debra ndiye aliyezungumza na wazee wa kanisa kuhusu uwanja, akaleta na jezi. Alimwita Ndunge "dada yangu," na Ndunge alimwamini.

Katikati ya msururu ule wa Jumamosi kulikuwa na nyumba ya Nabiha. Wazazi wake ni watu wa pwani, Shee na mkewe Salme. Shee ana duka la mabuibui na manukato mjini, nyuma ya Msikiti wa Jamia. Nabiha alikuwa na miaka kumi na mmoja, mwembamba, mwenye mkono usiokosa goli, na mzaha wa chinichini uliowafanya wenzake wadondoshe mpira kwa kicheko. "Kui, mkono yako iko na matobo?" angeuliza kwa sauti ndogo ya kuomba chumvi, na basi, mchezo umeharibika.

Ramadhani ikaingia wakati wa jua kali, kabla ya masika. Nabiha aliamua kufunga mwezi mzima kwa mara ya kwanza. Salme alikuja mwenyewe kuzungumza na Ndunge.

"Bi Ndunge, mwanangu anataka kufunga na anataka kuja mpirani. Nimemwambia achague, hataki kuchagua."

"Atakaa kivulini ahesabu magoli," Ndunge alisema. "Hatakimbia. Na akisikia vibaya?"

"Akisikia vibaya afungue. Mungu si mkatili."

Wakapatana hivyo, na mambo yakaenda sawa. Ndunge alihakikisha wengine wamekunywa maji kwenye bomba la kanisa wakati wa mapumziko, akiwasimamia mmoja mmoja, kwa sababu aliwajua. Alijua sheria yake ya uji imewaingia vichwani, na kwamba kuna siku mmoja atasema hawezi kunywa Nabiha akitazama.

Jumamosi ya tatu, nyumba moja ya Muthangari ilikuwa na wageni wa matanga, wakamwita Ndunge mapema. Alipita uwanjani, akaivua filimbi mbele ya watoto, akamvisha Debra.

"Mapumziko wakunywe maji, Mama Kui. Wasimamie. Wakikwambia hawana kiu, usiwasikize."

"Nenda, dada yangu, mimi niko."

Yaliyofuata Ndunge alisimuliwa na watoto wenyewe, na wote walisimulia jambo moja. Debra aliingia ndani ya gari lake kwa sababu ya jua, akafunga vioo, akawa kwenye simu. Wakati wa mapumziko hakutoka. Watoto wakaenda hadi bombani, wakasimama.

"Mimi sikunywi," Kui akasema. "Nabiha hajakunywa."

"Mimi nimefunga, wewe hujafunga," Nabiha akamwambia. "Kunywa, usiniletee drama."

"Sheria ni sheria. Vikombe vyote ama hakuna."

"Kwani hii ni uji?"

"Ni ya kukunywa, ama?"

Wakacheka, wakakubaliana, wakarudi juani bila tone. Hakuna mtu mzima aliyewafunza. Walimpenda mwenzao, basi. Kipindi cha pili kilipoendelea, Kui alikwenda kwenye gari, akagonga kioo. Debra alishusha kioo kidogo.

"Mami, naskia kizunguzungu."

"Kui, si unaona naongea? Rudi ucheze, nakuja."

Kui akarudi, akashika mpira, akaanguka.

Hakuumia sana. Walimpeleka zahanati ya karibu, akapewa maji ya chumvi na sukari, na jioni alikuwa akimsumbua baba yake ampe chipsi. Lakini Mungai alitaka kujua mtoto wake alinyimwa maji na nani. Swali hilo lilipofika kwa Debra, alijibu kwamba ni Ndunge na sheria zake; kwamba amewafanya watoto wa Kikristo wafunge pamoja na yule wa Kiislamu.

Mkutano wa wazazi uliitishwa baada ya ibada, kwenye viti vya kanisa. Salme pia alikuja, akakaa nyuma.

"Mimi sikuwepo siku ile," Ndunge alisema. "Filimbi nilimvisha Mama Kui. Na asimame aseme."

Debra alisimama. Macho yalikuwa kwenye mkoba wake. "Mimi nilipita tu kuleta jezi. Sikumbuki mambo ya filimbi. Watoto walikosa maji kwa ajili ya Ramadhani yao na sheria za Ndunge."

Uwanja mzima wa watoto ulikuwa umeona. Ndunge aliomba waitwe, walikuwa hapo nje wakicheza kwenye ngazi, hata sauti zao zilisikika. Baba mmoja, Shem, mwenye kukaa mbele kila mara, alinyanyua mkono. "Mambo ya watu wazima hatuulizi watoto. Tutawafundisha kushuhudia juu ya wazazi wao?" Wengi wakasema kweli kabisa. Basi mkutano uliokusanyika kwa ajili ya watoto ukaamua bila kuwauliza watoto, ukamwamini mwenye gari. Ndunge akaambiwa apumzike kwanza, mambo yatulie.

Kupumzika huko ndiko kulikokuwa kufukuzwa. Na Jumamosi iliyofuata Debra aliwaambia watoto, "Mama Muasya amechoka. Ameamua kuwaacha." Ndunge alilijua hilo kwa mtoto aitwaye Nyawira, aliyemkuta dukani akinunua sabuni.

"Mama Muasya, kwani tulikukosea nini?"

Ndunge alimwambia hawakumkosea kitu, akaishia hapo. Utamwambiaje mtoto kwamba mtu mzima anayemvika jezi ni mwongo?

Klabu haikufa siku moja. Debra alimtafuta mwalimu, kijana anayeitwa Wachira, na kusema kweli Wachira anaijua netiboli na hana ubaya. Lakini Nabiha aliacha kuja. Nyumba yao ilikuwa katikati ya msururu, na msururu ulipofika hapo ulikatika. Wa mbali hawakuwa na wa kumpitia, wakaanza kuja mmojammoja, kisha kutokuja. Kabla ya mwaka kuisha, baadhi yao Ndunge aliwaona tena pale ukutani, na simu yao moja.

Akaona: klabu wamechukua, sawa. Nabiha je? Mtoto aliyekuwa akiufanya uwanja ucheke sasa anakaa ndani, na sababu haijulikani. Siku moja alipomaliza kufua akaenda mjini dukani kwa Shee.

"Hodi."

"Karibu, Bi Ndunge, karibu. Kaa. Abdulrauf, mpe Bi Ndunge kiti." Kijana wa dukani akaleta kigoda. Shee alikunja buibui alilokuwa akimwonyesha mteja. "Najua kilichokuleta. Unadhani mimi ndiye niliyemkataza."

"Ndivyo nilidhani, Baba Nabiha. Baada ya maneno yale."

"Maneno yale yalituuma, sikufichi. Mke wangu alirudi kutoka mkutanoni, hakula. Lakini mimi ruhusa nilitoa zamani. Mtoto mwenyewe hataki. Alimsikia mamake akinisimulia. Anasema saumu yake ndiyo iliyomwangusha mwenzake, na wewe ukafukuzwa kwa ajili yake. Nimemwambia si hivyo, mamake amemwambia, hata ustadhi wake amemwambia. Sisi ni wazazi wake, anaona tunampooza tu." Akatikisa kichwa. "Jaribu wewe."

Ndunge alijaribu. Alikwenda nyumbani kwao, akaketi na Nabiha jikoni, Salme akikuna nazi karibu nao.

"Mimi sikuwachoka," alimwambia. "Wala si wewe uliyenifukuzisha. Kui alikwenda kwa mamake akarudishwa juani. Aliniambia mwenyewe."

"Najua. Mimi nilimwona akigonga kioo."

"Sasa?"

"Lakini Mama Kui alisema mbele ya watu wote ni Ramadhani yetu. Na hajasema si hivyo. Mtu mzima akijua amekosea si anasema?" Nabiha alikuwa akichezea kamba ya kiatu chake cha mpira, kile cha uwanjani, alichokuwa bado anakivaa nyumbani. "Akisema yeye, nitarudi."

Salme aliacha kukuna. Akamtazama Ndunge.

Basi ikabidi Ndunge aende kwa Debra. Hakuwa ametaka kuliona lango lile tena. Debra alimfungulia mwenyewe, akachungulia nyuma yake kabla hajasema.

"Mama Muasya! Ingia, kuna chai."

"Chai sikujia."

"Basi tuongelee hapa. Mzee wangu yuko ndani."

"Mimi sidai klabu, Mama Kui. Kaeni nayo. Kuna mtoto amejifungia ndani kwa sababu ya maneno yako. Njoo Jumamosi uwaambie watoto ukweli. Wao wanaujua, wanataka tu kukusikia ukiusema."

Debra aliegemea lango. Macho yake yakajaa maji, na Ndunge anasema hayakuwa ya uongo. "Nilishikwa na woga, dada yangu. Mzee alikuwa ameshanigombeza juu ya hiyo simu. Ningemwambiaje mtoto alikuja kwangu nikamrudisha? Nilifikiri mambo yatapoa, halafu nitakurudisha polepole."

"Yamepoa?"

"Hapana."

"Jumamosi, basi."

"Jumamosi. Haki ya Mungu, nitasema."

Ndunge alimpelekea Nabiha habari, na hilo ndilo linalomchoma zaidi kuliko kufukuzwa kwake, kwa kuwa safari hii alimpa mtoto tumaini kwa mdomo wake mwenyewe. Jumamosi Nabiha alivaa kiatu kile cha mpira na hijabu ya buluu, wakaenda pamoja, wakasimama kwenye lango la uwanja. Watoto waliokuwapo walimwona wakaanza kurukaruka.

"Nabiha! Wewe ulikuwa umeenda Dubai?"

"Nilikuwa nalala. Nimeskia mnafungwa hata na wazee wa kanisa."

Walicheka, na Ndunge alikisikia kicheko kile akadhani mambo yamekwisha. Debra akafika. Aliwapanga watoto kwenye mistari, filimbi ikiwa shingoni mwake. Akawaona wale wawili langoni, na akawaona pia wazazi watatu waliokuwa wamekuja kuleta watoto wao, Shem akiwa mmojawapo. Akakohoa.

"Watoto, nina neno." Nabiha alikishika kidole cha Ndunge. "Mwezi ujao tumealikwa mashindano Loresho. Nataka jezi safi na nidhamu. Hayo tu."

Kui alitoka kwenye mstari, akamvuta mamake mkono wa sweta. "Mami, sema. Ulisema utasema."

"Kui, rudi kwa laini."

"Mami!"

"Nimesema rudi."

Na Kui akarudi, kama alivyorudi siku ile. Filimbi ikapulizwa, mchezo ukaanza. Nabiha akakiachia kidole cha Ndunge, akaanza kutembea kuelekea kwao. Ndunge alimfuata hadi mlangoni. Mtoto hakulia, wala hakulaumu. Alisema tu, "Asante kunisindikiza, Mama Muasya," kwa adabu ya mtoto anayeaga mgeni, akafunga mlango.

Tangu hapo imepita Ramadhani nyingine. Ndunge bado anafua Muthangari, na baadhi ya Jumamosi wasichana wa pale ukutani humwomba awarushie mpira wa mifuko, akawarushia. Nabiha hajatoka. Debra akikutana na Ndunge njiani huinamia simu yake hadi wapishane.

Klabu, jezi na uwanja, Ndunge hadai. Linalodaiwa ni maneno ambayo mtu angeyamaliza kabla uji haujapoa, na anayedaiwa ni Debra, mke wa Mungai, wala si mwingine wa kumsemea: asimame uwanjani, watoto wakiwa wamepangwa na wazazi wakisikia, aseme kwamba filimbi ilikuwa shingoni mwake, kwamba binti yake alimwendea akamrudisha juani, na kwamba saumu ya Nabiha haikumwangusha mtu. Anadaiwa kwanza na Nabiha, ambaye mwaka huu miguu yake imekipita kiatu kile. Ndunge ni wa pili. Hajalipa hata mmoja wao.